Presha ya Mama Atieno

Vijana wangu mnaouza mayai ya kuchemsha hapo steji ya boda boda ya Pioneer, ninawapenda, na ndiyo maana sitanyamaza. Juzi nilinunua yai kwa mmoja wenu. Kijana mzuri, adabu anayo, aproni safi, kachumbari imekatwa nyembamba hadi nikamsifu. Halafu akaanza kumenya. Wacha nisiseme mengi, lakini lile yai lilitoka mikononi mwake likiwa limeumia kuliko bondia. Nusu ya ute ilibaki kwenye ganda, nusu ya ganda ikabaki kwenye ute, na nilichopewa mimi kilikuwa kiini kilichovaa matambara.

Nikamuuliza, "Hili yai limepigana na nani?"

Akacheka. "Mzee, hii mayai ni freshi sana, hiyo ndio shida."

Alisema kweli tupu bila kujua. Wateja tunapenda yai la leo, tena la leo asubuhi, ikiwezekana kuku awe bado analalamika. Lakini yai la leo ndilo linalong'ang'ania ganda lake kama mtoto anayepelekwa shule siku ya kwanza. Yai lililokaa wiki moja limeshazoea mawazo ya kuondoka, linatoka bila matata. Hilo nililijua kwa vidole vya mtu mwingine, na huyo mtu ndiye nataka kuwaambia habari zake.

Mimi nimepika katika hoteli moja hapa Eldoret tangu nikiwa na nywele hadi zilipohama zote kwa sababu ya mvuke. Mayai niliyochemsha, ukiyapanga mstari, yatatoka hapa mpaka Mombasa, na ukiyaacha huko yatarudi yenyewe kwa miguu maana yananijua. Kusoma nilisoma ukubwani, shule ya gumbaru, jioni baada ya kazi, tukibanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa masikio. Nilitoka na cheti. Tangu siku hiyo mke wangu hajapumzika kwa maelezo.

Mwenye hoteli alikuwa Mzee Chumo, mkulima wa Soy. Alikuwa na ng'ombe, mahindi, na kuku wengi kama mchanga. Fahari yake ilikuwa moja: mayai ya hoteli yake hayalali. Yalitoka Soy alfajiri kwenye pikapu, na chai ya kwanza ikiiva yalikuwa yameshafika jikoni yakiwa na joto la kuku. Waalimu, makarani na madereva walikuja kwetu kwa sababu ya hayo mayai mawili na chai ya maziwa.

Na jikoni, mwenye jikoni hasa, alikuwa Mama Atieno. Alitoka upande wa Ziwa akiwa msichana, akamfuata mume aliyefanya kazi kiwandani hapa mjini. Mume akafariki, yeye akabaki. Mimi nilipoajiriwa nilikuwa nimetoka Timboroa juzi, sijui hata kushika kisu. Timboroa, kwa wale hawajafika, ni mahali ambapo hata moto huvaa sweta. Mama yangu mzazi aliweka maharagwe jikoni nikiwa darasa la pili, yakaiva nikiwa nanyoa ndevu. Kwa hiyo mimi nilidhani kupika ni kungoja. Mama Atieno ndiye alinifundisha kwamba kupika ni kusikiliza.

"Nyathina," alikuwa ananiita hivyo, maana yake kwa Kijaluo ni mwanangu, "mafuta ikinyamaza, kitunguu imeungua. Usingoje pua ikuambie. Pua huchelewa kama chifu."

Alinifundisha kugeuza chapati kwa kidole, kuonja mchuzi bila kumaliza nyama, na kumjua mteja mwenye njaa ya kweli na yule amekuja tu kusoma gazeti la wengine. Nikikata sukuma wiki nene ananiuliza kama ninalisha ng'ombe. Nikikata nyembamba sana ananiuliza kama ninashona. Siku niliyooa, yeye ndiye alipika, halafu akakaa meza ya mbele na upande wa mama yangu, na hakuna mtu alithubutu kumuuliza ukoo.

Sasa hayo mayai ya leo. Yalikuwa kazi yake kuyamenya asubuhi, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza. Alikuwa na ukucha wa kidole gumba ulioingia chini ya utando kama barua chini ya mlango. Lakini baridi ya Eldoret si ya kuchezea, na mikono inayoingia maji ya mfereji asubuhi kila siku mwishowe inadai. Vidole vyake vilianza kuvimba. Baridi yabisi. Kwanza akawa anaangusha vijiko. Baadaye nikamwona akishika kikombe kwa viganja viwili, kama mtu anayepokea maji ya kunawa. Na mayai yakaanza kutoka na mashimo.

Wateja hawana huruma wakiwa na njaa. Wafula, weita wetu, mtu mwenye sauti ya kuuza mnada, alirudisha sahani jikoni akisema, "Mwalimu anauliza, hii ni mayai ama ni panya ilitangulia?"

Mama Atieno alinyamaza. Yeye! Mtu ambaye kwa kawaida angemtumia huyo mwalimu salamu za kumfikisha likizo. Alichukua sahani, akageukia ukuta, akajaribu kulainisha yai kwa kidole kilichokataa kukunjika. Mimi niliona na nikajifanya nachochea makaa.

Mzee Chumo hakuwa mtu mbaya, hilo mlielewe. Alikuja siku moja, akasimama mlangoni na kofia mkononi. "Mama Atieno, wewe umetuchungia hapa miaka mingi. Sasa ni wakati upumzike. Iko binti ya dada yangu anatafuta kazi. Akuje ashike hii ya mayai, wewe uende nyumbani ukae vizuri."

"Nyumbani wapi, Mzee?"

"Si kwenu, huko Ziwa."

"Kwetu watu wananiita mgeni. Nikifika wananipatia kiti." Akapangusa meza ambayo ilikuwa kavu. "Mtu akipatiwa kiti kwao, huyo ameshaisha."

Mzee akakohoa, akasema tutaongea mwisho wa mwezi, akaondoka. Mama Atieno akaendelea kupangusa hiyo meza hadi nikaogopa itatoboka.

Hapo ndipo gumbaru ikaniokoa. Mwalimu wetu, mama mmoja mpole anayeitwa Jepkorir, alikuwa akitufundisha sayansi. Jioni moja akatuambia kwamba maji huku juu huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Yanaruka, yanapiga kelele, lakini ndani ni uongo mtupu. Ukishuka Ziwa yanachemka na moto zaidi, ukifika baharini zaidi tena. Nikaruka kwenye dawati, likanifuata maana lilikuwa limenibana. "Mwalimu! Kwa hivyo maharagwe ya mama yangu hayakuwa na laana?"

"Hayakuwa. Yalikuwa Timboroa tu."

Akatueleza dawa yake: sufuria ya presha, ile yenye mfuniko wa kufunga na kidude juu kinachopiga filimbi. Mvuke ukifungiwa, moto ndani unapanda, ni kama umeshuka bonde, ukapita Ziwa, ukapita hata bahari. Yeye mwenyewe alikuwa nayo ya kupikia githeri, mahindi na maharagwe. Akaongeza neno moja ambalo yeye alilitupa tu na mimi nikalidaka: hata mayai, alisema, yanaiva kwa mvuke, na ganda linatoka lenyewe.

Nilimwomba hiyo sufuria kwa magoti. Kesho yake nikaingia nayo jikoni nikiwa nimeifunga kwa kitenge kama mtoto mchanga.

Mama Atieno akaizunguka. "Hii ni nini?"

Nikamweleza kila kitu, mpaka habari ya kushuka bonde na kupita Ziwa.

"Inapita Kisumu bila kusimama?" akauliza. "Na kuna watu wangu pale hawajasalimiwa."

Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu Mzee aje na kofia yake.

Sasa sikilizeni makosa, maana makosa yetu yatawaokolea dari. Siku ya kwanza nilikuwa na haraka, nikafungua mfuniko kabla mvuke haujatoka. Yai moja liliondoka kama roketi. Hadi leo, nina hakika, kuna kiini kwenye dari ya ile hoteli, na wapangaji wa sasa wanadhani ni taa. Siku ya pili tuliyapika kwa muda wa maharagwe. Viini vikatoka na pete ya kijani, na Wafula, alipoingia zamu ya mchana, akauliza kama tunalisha jeshi.

Ya tatu ndiyo ilitufundisha. Saa ya ukutani ya hoteli ilikuwa ya mapambo, na Mama Atieno kila kitu alipima kwa wimbo. Ugali ulikuwa na wimbo wake, chapati na wake. Akaniambia, "Filimbi ikianza, punguza moto, imba ule wa kanisa wa mavuno, beti zote, halafu epua." Yeye akaenda kupokea maziwa. Nami nikaimba, nikaepua. Tukapasua yai, kiini kikamwagika mezani kama uji.

"Umeruka ubeti," akasema.

"Sijaruka hata neno."

"Imba nisikie."

Nikaimba. Nilikuwa sijafika kibwagizo cha pili akashika kiuno. "Wewe! Kwani kwa kanisa yenu mnafukuzwa na nani? Huo si wimbo, hiyo ni mbio za kupokezana vijiti."

Ni kweli, kanisa letu la Timboroa tunaimba tukirukaruka, maana ukisimama unaganda. Kwao Ziwa wimbo huo huo unaburutwa taratibu, kila neno linapewa kiti na maji ya kunywa. Wimbo mmoja, maneno yale yale, na kati yangu na yeye kulikuwa na tofauti ya yai bichi na yai lililoiva. Kwa hiyo mkisikia mtu anawapa kipimo, muulizeni kwanza anasali wapi.

Akaamua ataimba mwenyewe. Kesho yake asubuhi, hoteli imejaa, tukaweka sufuria. Ikapata moto, kile kidude kikaanza kutetemeka, halafu kikapiga filimbi ya kuita gari moshi. Wafula alikuwa hajawahi kuisikia maana siku zilizopita alikuwa zamu ya mchana. Akachungulia mlangoni akiwa na sahani. "Hiyo ni nini inalia?"

"Ni presha ya Mama Atieno," nikamjibu bila kugeuka. "Imepanda."

Mungu wangu. Alikimbia ukumbini na ile sauti yake ya mnada: "Jamani! Presha ya Mama Atieno imepanda! Inapiga filimbi!"

Mnajua presha ikitajwa kwetu watu wanafikiri nini. Viti vilianguka. Mwalimu mmoja akapiga kelele ainuliwe miguu, mwingine akasema hapana, kichwa. Mwanaboda mmoja akawasha pikipiki yake nje, akaingia jikoni mbio, akainama mbele ya Mama Atieno kama wa kubeba gunia.

"Mama, panda mgongo twende."

"Twende wapi?"

"Hosi. Presha imepanda."

"Imepanda ndiyo. Si tulitaka ipande?"

Yule kijana alimwangalia kama mtu aliyeshaanza kupotewa na akili. Nyuma yake akaingia mzee wa kanisa na kofia kifuani, akafumba macho, akaanza kuomba. Huwezi kumkatiza mzee akiomba, na huwezi kuimba juu ya maombi. Aliombea moyo, akaombea mishipa, akaombea ukoo mzima mpaka walioko ng'ambo. Aliposema amina, nikaepua, mvuke ukatoka, nikafungua sufuria. Mayai yalikuwa yameiva, yakaiva tena, yakakata tamaa.

Na habari ikafika Soy kabla hatujayatupa. Chai ya saa nne haijaisha, pikapu ya Mzee Chumo ikasimama nje. Akaingia na mfuko wa machungwa, uso wa matanga.

"Mama Atieno, pole sana. Sasa mwili wenyewe umesema. Usibishane na mwili. Binti ataanza Jumatatu."

Nikajaribu kueleza. "Mzee, si presha hiyo, ni presha hii." Nikaonyesha sufuria. Akaniangalia, akaangalia sufuria, akaangalia dari pale penye kiini.

"Hata kama," akasema polepole. "Vidole nimeviona. Hiyo si ya kufichwa."

Mama Atieno hakuficha. Aliviweka mezani vyote kumi, vimejikunja kama tangawizi. "Vidole ni hivi, Mzee. Lete mayai ya leo, yale umekuja nayo kwa gari. Nikishindwa kumenya kwa hii mikono, nitakula machungwa yako nikienda zangu. Sitakusumbua."

Moyo wangu ukashuka hadi kwenye gambuti. Hatukuwa tumefaulu hata mara moja!

Mzee akaleta trei. Mama Atieno akaniamuru, nami nikafanya, na nyinyi shikeni hapa. Kwanza mayai yakakaa kando ya jiko kidogo, yasiingie yakiwa baridi yakapasuka. Maji kikombe na nusu tu chini ya sufuria. Juu yake kichanja cha waya, na mayai juu ya kichanja, yasiguse maji, maana kinachopika ni mvuke. Hiyo ndiyo siri yote: ukianza na maji baridi, ute unapata joto polepole na kushikana na utando kama gundi, lakini mvuke mkali unaukamata ghafla, unashtuka, unajikunja, unaachana na ganda. Tukafunga mfuniko, tukangoja filimbi, nikapunguza moto.

Akaanza kuimba. Jikoni kimya, ukumbini kimya, Mzee amesimama na machungwa. Sauti yake ilikuwa nzito, taratibu, kila neno na kiti chake. Ubeti wa pili Wafula akashindwa kujizuia, akadakia, na wenzake ukumbini wakadakia, na mnajua watu wa huku: wimbo ukaanza kukimbia. Nikaona mayai mabichi machoni. Mama Atieno akainua mwiko. Hakukatiza wimbo, aliinua tu mwiko, akaushusha polepole, akauinua, akaushusha, na hoteli nzima, waalimu, makarani, mwanaboda, ikarudi nyuma ikamfuata mwendo wake kama ng'ombe wanaoshuka mtoni. Wakamaliza ubeti wa mwisho pamoja.

Nikaepua. Tukaacha mvuke utoke wenyewe, mpaka kidude kikanyamaza na mfuniko ukakubali bila kusukumwa. Mayai moja kwa moja kwenye beseni la maji ya mfereji, na maji ya mfereji wa Eldoret hayahitaji barafu, yenyewe ni binamu yake.

Akachukua moja. Hakutumia kidole. Aligonga ule upande mnene, penye nafasi ya hewa, akaliweka mezani, akalilaza chini ya kiganja, akalibiringisha mbele na nyuma kwa uzito wa mkono tu, kama mtu anayebembeleza. Ganda likapasuka kote nyufa ndogondogo. Akalichovya majini, akalisukuma kwa kiganja cha pili. Ganda likateleza likatoka lote na utando wake, mshono mmoja, kama koti la mtu aliyefika nyumbani. Yai likabaki mezani, jeupe, laini, halina hata kovu.

Akamenya la pili. Akamenya la tatu, na hilo alikuwa haliangalii tena, alikuwa anamwangalia Mzee.

Mzee Chumo akaweka machungwa chini. Akachukua yai la kwanza, akalizungusha kwenye mwanga wa dirisha akitafuta shimo, akakosa, akalipasua. Kiini cha manjano, kikavu, hakina pete. Akatia chumvi, akala akiwa amesimama. Akatafuna kwa muda mrefu sana kwa yai moja.

"Nipatie lingine," akasema.

Mama Atieno akavuta stuli, akakaa, akamsogezea beseni.

"Menya mwenyewe, Mzee."

Wafula akashika mdomo. Mzee alikuwa na hoteli miaka yote hiyo na hakuwahi kumenya yai ndani yake. Akamwangalia yule mama, halafu akavua kofia, akakunja mikono ya koti, akatia mkono kwenye yale maji baridi. Akaruka kidogo. Akagonga upande mnene, akaweka kiganja juu, akabiringisha mbele na nyuma vile alivyoona. Lilipotoka zima akaliinua juu kama mtoto aliyeng'oa jino, akacheka mpaka mabega yakatikisika, na bila kuuliza akachukua lingine.

Alimenya trei nzima. Habari ya binti wa Jumatatu haikutajwa tena, na Mama Atieno, akiwa amekaa, alimwambia tu asibiringishe kwa nguvu hivyo, yai si mgomo wa kuzimwa.